Nilivyoifukuza Windows Alunguli

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu utotoni. Nilikuwa na miaka mitano, wakati wa vita vile vya kwanza, na baba mdogo Bulaimu alikuwa mlinzi wa ofisi moja mjini Kindu. Risasi zilipoanza alitufungia humo, mimi na mama, siku mbili chini ya meza. Siku ya tatu umeme ulirudi ghafla. Kompyuta iliyokuwa juu ya vichwa vyetu ikaamka yenyewe ikaimba: sauti tano sita, tamu, kama mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Baba mdogo akasema kama mashine zimeamka, basi vita vimekwisha. Tukatoka. Havikuwa vimekwisha. Tulirudi mbio, mama na kiatu kimoja.

Ilikuwa Windows. Sijaisamehe.

Leo asubuhi jenereta ilipowaka, mashine zetu nne ziliimba pamoja wimbo ule ule wa zamani. Muhindo ndiye aliyeziwekea. Anasema unavuta wateja. Nikaweka mkono kifuani nikaapa: ndani ya siku kumi, hapa hapatabaki Windows hata moja.

Hapa ni sekretariati ya Mama Kavuo, Alunguli. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunatengeneza picha za kitambulisho. Mimi ni opereta. Nina lisansi ya informatiki, digrii ya kompyuta, na walimu wangu hawakunipa kwa huruma. Opereta wa pili ni huyo Muhindo, mpwa wa Mama Kavuo, aliyefika mwezi wa tatu kutoka Goma, vita hivi vipya vilipomtoa. Alisafiri wiki tano akiwa na mfuko mmoja: mashati mawili na flashi ya Windows iliyofungwa plastiki mara tatu kama dawa ya mtoto. Namhurumia. Namhurumia kwa dhati kila siku hadi saa mbili asubuhi, anapoanza kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Mama Kavuo alikwenda Kibombo kununua mchele. Kabla ya kupanda treni alituambia sote wawili kwamba ameamua kuteua responsable, yaani msimamizi, na kwamba atamteua mmoja wetu. Responsable anashika ufunguo. Responsable anakalia kiti chenye mgongo. Miaka mitatu nimekalia kasha la soda.

Muhindo anadhani ufunguo ni wake kwa damu. Mimi nitaupata kwa sayansi.

Tena kuna tarehe. Siku ya 14 mwezi huu, wenye Windows wataacha kuihudumia Windows 10. Nimemwonya Muhindo. Akajibu kwamba ya kwake hawajawahi kuihudumia hata siku moja, kwa sababu hawaijui.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimepanga orodha kwenye daftari, kushoto kilichopo, kulia mbadala wake. Word: LibreOffice Writer. Excel: Calc. Photoshop: GIMP. Antivirusi: haihitajiki. Virusi: sijapata mbadala.

Hilo la mwisho si mzaha. Nusu ya wateja wa Muhindo wanaleta flashi zenye virusi zisafishwe. Anazisafisha, anazirudisha, lakini kabla hazijatoka zimeambukizwa tena na mashine yetu ya tatu. Wiki ijayo zinarudi. Ni zahanati inayofuga mbu.

Nimeanza na mashine ya kwanza na ya pili. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, iliingia kwa dakika ishirini. Mashine iliyokuwa inaamka kwa muda wa kuchemsha chai sasa inaamka kabla sijakaa vizuri. Nilitamani mtu aone. Aliyeona ni Muhindo. Akasema ni nzuri, inafanana na simu ya wizi iliyokwisha kufutwa. Aliniita Yaya. Ananizidi miaka miwili na ananiita Yaya, kama dada yake mkubwa!

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Pigo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi amekataa kuchapiwa kwangu. Alikitazama kioo, akauliza Word iko wapi. Nikamweleza. Nilimweleza uhuru wa mtumiaji, programu zinazojengwa na watu wa dunia nzima bila bwana, aibu ya kuishi kwa funguo za wizi. Dakika kumi na mbili. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema ombi lake ni la kazi, si la majaribio, akaenda kupanga mstari kwa Muhindo.

Mchana nimepata ufumbuzi. Picha ndogo ya Writer nimeibadilisha: sasa ni mraba wa buluu wenye herufi W. Nyuma yake nimeweka kilima cha kijani na mawingu, kama kile cha Windows. Saa nane wateja wanne walikaa kwangu bila swali.

Nimeliwaza sana jambo hili nikitembea kwenda nyumbani. Watu wote huchukua kitu cha wizi wakakighushi kifanane na halali. Mimi nimechukua kitu halali nikakighushi kifanane na cha wizi. Sijui kama kuna sheria inayokataza. Dhamiri imetulia kiasi.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Picha.

Kwetu mtu hapigwi picha ya kitambulisho na shati lake. Anapigwa uso tu, halafu opereta anamvika koti na tai kutoka kwenye faili. Koti la buluu la Muhindo limevaliwa na nusu ya wanaume wa Alunguli. Ukizipanga kadi zao utadhani ni kwaya.

GIMP ilifungua faili la koti bila tatizo. Kosa ni langu. Niliweka koti juu ya uso badala ya uso juu ya koti, na nilipogundua, printa ilikuwa imekwisha kutoa picha nane. Mteja, fundi wa pikipiki, alikuwa na tai mdomoni. Alizitazama zote nane, moja moja, kama anayetafuta iliyo nafuu.

Muhindo akamtengenezea nyingine kwa dakika mbili. Akamwambia kwa upole, nami nikisikia, kwamba Yaya amesoma sana.

Wateja wa leo: kwa Muhindo kumi na saba, kwangu watano. Mmoja wa watano alikuwa anauliza njia.

Hali hii ikiendelea, kiti chenye mgongo kimekwenda. Lazima nifanye jambo kubwa.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Nimefanya jambo kubwa. Modeli!

Kwetu hakuna barua inayoandikwa toka mwanzo. Kuna modeli mia mbili kumi na nne, alizoacha Célestin, opereta wa zamani: ombi la kazi, ombi la likizo, malalamiko ya mpaka, malalamiko ya mbuzi, malalamiko juu ya malalamiko. Unabadilisha majina tu. Zote zilikuwa za Word. Asubuhi nimeandika amri ndogo, mistari thelathini, ikazigeuza zote kwa mpigo mmoja ziwe za Writer. Dakika sita! Célestin alizijenga kwa miaka sita. Nikafungua moja kuhakiki. Kamilifu. Ilikuwa ombi la ruhusa ya ugonjwa.

Jioni akaja Muzee Mbaraka, mwenye bustani ya lengalenga, yaani mchicha. Mbuzi wa jirani yake Ali wamekula matuta manne. Akakaa kwangu kwa sababu kwa Muhindo palijaa.

Alitaka barua kali. Aliniambia: "Mutoto wangu, andika maneno ambayo muntu akisoma, tumbo inamukoroga." Nikaweka saa arobaini na nane za kufunga mbuzi, la sivyo sheria ifuate mkondo wake. Halafu tukafika kwenye orodha.

Barua nyingi za kwetu zina kisanduku juu, upande wa kulia: "Nakala kwa taarifa kwa". Chini ya kisanduku ndipo anakaa yule anayeandikiwa. Hao wa kwenye kisanduku ni wakubwa wanaoarifiwa tu, hawatakiwi kufanya lolote. Lakini nguvu ya barua ni hapo. Ukigombana na jirani juu ya kuku, unawapelekea nakala wakubwa wote unaowajua na wawili usiowajua. Hawasomi. Ila jirani akiyaona majina, anapoteza usingizi.

Muzee alitaka saba. Padri, imamu, mkuu wa mtaa, na wengine, wa kwanza wao akiwa mkubwa mmoja wa ofisi moja ambaye simtaji hata humu. Barua ilipotoka hakuisoma, hakuwa na miwani. Aliyahesabu majina kwa ukucha, moja hadi saba, akaridhika. Akaenda nazo, azigawe kesho alfajiri nyumba kwa nyumba kwa mguu.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Ali mwenye mbuzi amekuja na karatasi mkononi. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe alikuwa anacheka, na alicheka hadi akakalia kasha langu la soda.

"Dada, asante kwa habari," akasema. "Miye sikujua kama imamu naye iko na mbuzi."

Nikaichukua. Nikaisoma. Kisanduku na anwani vimebadilishana mahali! Wanaoandikiwa ni wakubwa saba. Wao ndio waliopewa saa arobaini na nane wafunge mbuzi wao, la sivyo sheria ifuate mkondo wake. Ali yuko juu, peke yake, kwenye nakala. Anaarifiwa tu.

Amri yangu ndogo. Kilichokuwa ndani ya kisanduku ilikitoa nje, kilichokuwa nje ikakiingiza ndani. Nimehesabu. Modeli mia moja thelathini na moja zina kisanduku, na zote zimepinduka. Ile ya ugonjwa haikuwa na kisanduku. Mgonjwa hana haja ya nakala.

Si kosa la LibreOffice. Naliandika hili ili lijulikane.

Nilimuuliza Muhindo, kama jambo la jumla tu, iwapo mtu anaweza kufungwa kwa barua ambayo hakuitia sahihi. Akasema inategemea ilichapwa na nani. Sikula.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Saa arobaini na nane zinaisha kesho asubuhi. Nimemuaga mama yangu kwa maneno mazito, bila kumwambia kwa nini. Akaniambia nikimaliza kuaga nichambue mchele.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Muujiza!

Yule mkubwa nisiyemtaja ana mbuzi. Kumi na mmoja. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kumwandikia. Miaka yote tulikuwa tunamwarifu tu, kwa nakala, juu ya mbuzi wa wengine. Leo alfajiri mbuzi wake walikuwa wamefungwa kamba. Ali akaona mbuzi wa mkubwa wamefungwa, kicheko kikamwisha, akafunga wake. Kufika saa nne mtaa mzima haukuwa na mbuzi barabarani. Padri alimtuma mtu aeleze kwamba yeye hana mbuzi, ana bata, na kwamba amewafungia.

Muzee Mbaraka ameniletea fungu la lengalenga, katika yale yaliyobaki. Akasema mbele ya mstari wote: "Barua za hapa zote zinaarifu. Ya huyu mutoto inafika."

Mstari ulikuwa wangu! Watu kumi na tisa, wote wakitaka barua kama ya Muzee Mbaraka. Muhindo alishinda akicheza karata na mashine yake. Alishindwa mara mbili, nilimwona.

Nilikuwa na nia safi ya kurekebisha modeli leo. Lakini ukitazama kwa utulivu, nani analalamika? Pongezi nimezipokea kwa niaba ya Linux. Mashine ya tatu nayo nimeigeuza, mbu na zahanati yake. Imebaki moja tu, ya Muhindo. Kiti chenye mgongo nimekigusa kidogo kwa kiganja, kuona kama kina vumbi.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Siku ya mwisho wa Windows 10. Nilikuwa nimewatangazia watu. Wachache walikuja kuona. Saa mbili kamili Muhindo akawasha mashine yake. Ikaimba. Ikafunguka. Hakuna kilichotokea. Watu walisubiri kidogo, wakatawanyika kama waliofika msibani wakaambiwa mgonjwa amepata nafuu. Muhindo akanipa pole, na kikombe cha chai.

Hiyo haikuwa mbaya. Mbaya ilikuja saa sita.

Mama Kavuo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kibombo. Alituma mitatu. Miwili ya kwanza ilifunguka. Alisema atafika keshokutwa, kwa hiyo nichape barua ya uteuzi aikute tayari ya kusaini. Ananipa mimi kwa kuwa Kifaransa changu hakina makosa. Barua iende kwa Muhindo. Anateuliwa responsable, kuanzia Jumatatu. Maelezo mengine atapewa kwa mdomo. Nakala kwa taarifa: Rachida.

Mimi. Kwa taarifa.

Ujumbe wa tatu ulibaki na duara linalozunguka, mtandao ulikuwa hafifu. Sikuubonyeza tena. Nilikuwa nimesikia vya kutosha.

Nimeichapa. Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Nilifungua modeli ya uteuzi, nikaandika Muhindo pale palipoandikwa anayeandikiwa, nikaandika jina langu pale pa nakala, nikabonyeza. Karatasi ikatoka. Nikaitazama mpaka jenereta ikazimwa.

Barua inaniandikia mimi. Muhindo anaarifiwa tu.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Nimejihoji siku nzima.

Je, nimeghushi? Sikughushi. Nilichapa kila jina mahali nilipoambiwa. Je, nilijua? Nilijua, kwa namna ambayo mtu anajua mvua itanyesha. Kujua mvua si kuinyesha. Je, nirekebishe? Hapa nilisimama muda mrefu. Watu ishirini, pamoja na Muzee Mbaraka, wamepata barua zilizopinduka na mtaa umetulia. Kwa nini nirekebishe ya ishirini na moja tu, ati kwa sababu inanifaa mimi? Huo ungekuwa upendeleo.

Sauti ndogo ndani ilisema jambo jingine. Ina sauti ya baba mdogo Bulaimu. Nikaikumbusha ni nani aliyetutoa nje siku ile, ikanyamaza.

Muhindo leo hakutania. Hakuniita Yaya. Alikaa akikunja kitambaa cha kufutia kioo, akikikunjua, akikikunja. Saa tisa akaniuliza kama barua ya Shangazi yake imekwisha kuchapwa. Nikasema ni siri ya kazi. Akauliza kama ni kweli, kama watu wanavyosema, kwamba barua zangu zinawabadilisha wenye kuandikiwa. Nikasema sijui anazungumzia nini. Akaniangalia kwa namna ya ajabu, karibu ya heshima.

Barua nimeiweka kwenye folda ya sahihi. Juu kabisa.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Mama Kavuo alifika na magunia thelathini na haraka yake. Anafanya kazi kama wafanyavyo wote hapa: muhuri kwanza, sahihi ya pili, kusoma baadaye kama kuna nafasi. Alifungua folda. Akapiga muhuri. Akapiga wa pili, kwa kuwa wa kwanza ulipauka. Akasaini. Ndipo akavaa miwani atazame anamkabidhi nani.

Akaniangalia, akaiangalia karatasi.

"Rachida, miye nilisema weye?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi moja nzuri juu ya visanduku, ya kweli kwa sehemu kubwa. Aliyejibu ni Muhindo.

"Ndiyo, Shangazi. Ulisema yeye. Miye niko shahidi."

Muhindo! Nilimtazama kama ndugu wa tumbo moja. Nikaona siku zote nilizomdhulumu, moja nyuma ya nyingine, hadi ile ya karata. Macho yakanilowa.

Mama Kavuo alizungusha karatasi, akaitazama kwa nyuma kana kwamba huko kuna jibu. Akapumua. "Bon. Muhuri imekwisha kukaa. Muhuri hairudi nyuma."

Halafu akaanza yale ya kwa mdomo.

Sekretariati mpya anaifungua Obokote, huko Lubutu. Watu wa huko, anasema, wanalima, wanakata mbao, na kwa fotokopi moja tu wanatembea hadi Lubutu mjini. Safari ni siku nne kwa pikipiki, tano mvua ikiamua. Responsable atalala dukani, kulinda. Atakwenda na mashine mbili, hizi zangu zisizo na jina, maana kule hakuna mtu atakayeuliza Word iko wapi. Mwaka mmoja, kwa kuanzia.

Nikauliza, kwa sauti niliyoiazima mahali, ni nani basi atashika ufunguo wa hapa.

"Hapa njo Muhindo, nani mwingine?" akasema Mama Kavuo. "Miye nilitaka yeye njo aende. Juzi nilimwambia, akalia kwenye simu kama mutoto. Lakini barua njo barua."

Muhindo akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema: "Pongezi, Yaya. Hii Linux yako ni nzuri kweli."

Akakalia kiti. Kilikuwa hakina vumbi.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Leo asubuhi duara kwenye simu limeacha kuzunguka. Ujumbe wa tatu wa Mama Kavuo umefunguka. Sekunde arobaini. Unataja Obokote mara tano.

Nilikwenda kumwona Mama Kavuo nikiri. Nilifika mlangoni. Alikuwa anawaambia wapagazi wa mchele kwamba amempata msichana mwenye moyo, aliyekubali msitu bila kunung'unika, wakati mwanamume wa ukoo wake amelia. Alisema kwa sauti kubwa. Alisema lisansi si karatasi, ni roho. Nikageuka nikaenda kununua mabuti.

Mama yangu amelia, kisha ameniuliza kama huko kuna mawese ya bei nzuri. Nimesema nitamwarifu.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Pikipiki iko nje. Mashine mbili zimefungwa juu yake kwa magodoro, na mimi nitakaa kati ya mashine na dereva, mahali ambapo sijapaona bado.

Nimetafakari kosa langu lilikuwa wapi. Ni lazima, mtu aliyesoma hawezi kuondoka mahali bila kujua alikosea wapi. Nimepitia kila siku, kutoka ya kwanza. Tamaa? Ilikuwa ya kiasi. Amri ndogo? Mistari ishirini na tisa kati ya thelathini ilikuwa sahihi, ni asilimia ambayo chuo kingenipa heshima. Barua? Sikubadilisha hata nukta.

Nimelipata. Kosa lilikuwa moja tu: nilifanya kazi nusu. Niliapa hapatabaki Windows hata moja, kisha nikaacha moja. Mashine tatu kati ya nne! Bahati nayo ikanijibu kwa kipimo hicho hicho: nimepewa uteuzi, lakini si wa hapa. Jambo likianzwa lazima limalizwe.

Na tukisema kweli, Obokote si adhabu. Nani huko amewahi kuona Windows? Hakuna wa kunidai Word, hakuna koti la kuvishwa mtu, hakuna wa kunipa pole na chai. Nitaanza na watu wasafi. Jambo la kwanza nitakaloandika ni amri ndogo ya kutunza modeli. Nina wazo zuri kabisa, mistari ishirini tu, inazigeuza zote kwa mpigo mmoja.

Lakini sikutaka kuondoka hapa nikiwa na deni la kiapo. Kwa hiyo jana saa saba, Muhindo alipokwenda kunyolewa nywele ili akae vizuri kwenye cheo chake, nilikaa kwenye mashine yake nikaifuta Windows. Yote. Faili zake nilizinakili kwanza, nadhani. Saa nane kasoro dakika tano kazi ilikuwa imekwisha, safi, nami nimerudi kwenye kasha langu nikisoma. Alirudi akinukia poda, akaniambia hawashi tena mashine, anaanza rasmi Jumatatu.

Sikumwambia. Mwakani, nikirudi, atanishukuru.